Kilo Zimerudi, Je, Nguvu Nazo?

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo wazazi wengi hulipita bila kuliona, nalo ni misuli ya mtoto mwenye ugonjwa wa muda mrefu wa utumbo. Mama akifika kliniki na mtoto wa namna hiyo, swali lake la kwanza ni moja: "Sista, ameongezeka?" Akiambiwa ameongezeka kilo mbili, uso unang'aa, anamshika mtoto mkono na kwenda zake. Kilo ni habari njema, sikatai. Lakini kilo ni jumla ya kila kitu kilichomo mwilini: mifupa, maji, mafuta, nyama, hata chakula alichokula asubuhi. Mizani haijui kutenganisha. Na katika ugonjwa huu hutokea mara nyingi kwamba kilo zinarudi, mashavu yanajaa, lakini nyama ya mapaja na mikono hairudi. Mtoto anaonekana amepona, ila hana nguvu. Hapo ndipo anapoanza kuitwa mvivu nyumbani na shuleni.

UGONJWA WENYEWE

Kuna magonjwa mawili ambayo huufanya utumbo uwake, uvimbe na kutoka vidonda kwa miaka mingi, bila kuwapo mdudu ambaye ungeweza kumuua kwa dawa za siku saba. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kuushambulia utumbo wenyewe. Ugonjwa wa kwanza huitwa ugonjwa wa Crohn, kwa jina la daktari Burrill Crohn wa New York, Marekani. Yeye na wenzake wawili, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, waliandika habari zake mwaka 1932. Ugonjwa huu unaweza kushika mahali popote tangu mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ila hupenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba. Wa pili ni ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Huu hukaa katika utumbo mpana peke yake, na dalili yake kubwa ni kuhara damu.

Magonjwa haya hayaambukizi. Hayaletwi na kulogwa, wala hayaji kwa sababu mama alimlisha mtoto kitu fulani. Yanajulikana zaidi Ulaya na Marekani, lakini hata huku kwetu yapo, na katika hospitali kubwa zenye kamera ya kuangalia utumbo yanagunduliwa. Kwa wagonjwa robo hivi huanza kabla ya umri wa miaka 20, yaani wakati ule ule ambapo mwili unapaswa kujijenga.

Tafadhali mnielewe vizuri hapa. Si kila mtoto anayeharisha ana ugonjwa huu. Mtoto wa kwetu akihara damu, kwanza tunafikiri kuhara damu kwa vijidudu, amiba na kichocho cha tumbo. Akikonda kwa miezi, tunapima kifua kikuu na virusi vya UKIMWI. Kifua kikuu cha utumbo hufanana mno na ugonjwa wa Crohn, hata daktari akitazama kwa kamera. Na dawa zinazoutuliza ugonjwa wa Crohn hulegeza kinga ya mwili, hivyo zinaweza kumwangusha kabisa mwenye kifua kikuu. Ndiyo maana vipimo huchukua muda, na ndiyo maana mzazi asichukue vidonge vya jirani kwa sababu tu tumbo la mtoto wake linauma kama la yule mwingine.

Mlete mtoto hospitali ikiwa anahara kwa zaidi ya wiki nne, au anaona damu chooni mara kwa mara, au anaamshwa usiku na tumbo, au ana homa za kuja na kuondoka, vidonda vya mdomoni visivyokwisha, jipu au kidonda karibu na njia ya haja kubwa. Mlete pia ikiwa haharishi sana lakini amesimama kukua. Mdogo wake amempita kimo, nguo za mwaka juzi bado zinamtosha. Watoto wengine wa Crohn huja na dalili hiyo moja tu, na tumbo linalouma uma.

MISULI INAKWENDA WAPI?

Watu hudhani mtoto hukonda kwa sababu chakula "hakikai", kinapita tu. Ni kweli kwa sehemu. Utumbo wenye vidonda haunyonyi vizuri, na tena huvuja: damu na protini hupotea chooni kila siku. Mtoto naye hali. Si ukaidi. Kila akila tumbo linamkata, basi anajifunza mwenyewe kuogopa sahani.

Lakini kuna mwizi mwingine ambaye haonekani, na ndiye ningependa mumfahamu. Misuli ya mtu haikai tu kama tofali ukutani. Kila siku mwili huvunja kidogo na kujenga kidogo. Kwa mtoto mwenye afya ujenzi huzidi ubomoaji, ndiyo maana anakua. Utumbo unapowaka, hutoa kemikali zinazosafiri katika damu hadi mwili mzima. Kemikali hizo huiamuru misuli ijibomoe, ili protini yake ipelekwe kwenye ini na kutengenezwa silaha za vita ile isiyo na adui. Hukata hamu ya kula. Tena hulifanya ini lipunguze homoni inayohimiza kukua. Hivyo unaweza kumlisha mtoto vizuri, na utumbo ukiwa bado unawaka, chakula kile kikaishia kwenye mafuta badala ya misuli. Moto wa ndani usipozimwa, uji peke yake hautatosha.

Mwaka 2005 watafiti wa Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima watoto na vijana wenye ugonjwa wa Crohn kwa eksirei maalumu inayotenganisha mifupa, mafuta na nyama. Walikuta kwamba wagonjwa wale wana nyama pungufu ukilinganisha na wenzao wenye afya wa kimo kile kile, wakati mafuta yao hayakupungua. Kwa macho mtoto wa namna hiyo haonekani mwembamba sana. Ukimshika mkono ndipo unaposikia tofauti: ni laini, hakuna kitu kigumu ndani.

Misuli ikipungua, mifupa nayo hufuata, maana mfupa huwa imara kwa kuvutwa na misuli. Sehemu kubwa ya uimara wa mifupa ya mtu huwekwa katika miaka ya kubalehe, na ugonjwa huu huichelewesha mara nyingi hata kubalehe kwenyewe. Binti wa miaka 15 ambaye bado hajaota matiti, au kijana wa umri huo ambaye sauti haijaanza kubadilika, na huku ana tumbo la kila siku, asiambiwe asubiri tu. Alete habari hiyo kwa daktari, hata kama anaona haya. Mama mdogo au shangazi anaweza kumsindikiza.

DAWA INAYONENEPESHA

Ugonjwa unapowaka sana, dawa inayotumika mara nyingi, na ambayo hupatikana hata kwetu, ni prednisoloni. Ni dawa nzuri. Huutuliza utumbo kwa haraka, hamu ya kula inarudi kwa kishindo, na mtoto anakula hata anaomba ukoko. Baada ya wiki chache uso unakuwa wa mviringo, tumbo linajaa. Majirani wanasema, amenawiri.

Sehemu kubwa ya kunawiri huko ni maji na mafuta. Prednisoloni ikitumika kwa wiki nyingi, yenyewe hubomoa misuli, hasa ya mapaja, makalio na mabega, na hudhoofisha mifupa. Namkumbuka mvulana mmoja wa miaka 12 aliyekuwa anatumia dawa hiyo aliyoanzishwa katika hospitali ya rufaa. Katika miezi miwili alitoka kilo 25 hadi kilo 30. Baba yake alikuwa anamwonyesha kwa kila mtu pale benchi. Nikamwomba kijana ainuke bila kushika kitu. Hakuweza. Aliegemea magoti kwa mikono yote miwili, akajisukuma juu kama mzee. Mkono wake wa juu tulipoupima ulikuwa haujaongezeka hata nusu sentimita. Nyumbani alikuwa ameacha kuchota maji, na mwalimu alikuwa amemwadhibu mara mbili kwa kukataa kukimbia mchakamchaka. Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema alidhani ni kudeka.

Basi msije mkasikia hayo mkatupa vidonge! Prednisoloni haiachwi ghafla hata siku moja. Mwili uliozoea dawa hiyo husahau kutengeneza homoni yake wenyewe, na ukiikata kwa mkupuo mtoto anaweza kuzirai na hata kufa. Hupunguzwa polepole, kwa ratiba ya daktari. Lenye busara ni kumwuliza daktari: tutaipunguza lini, na dawa gani itashika nafasi yake? Zipo dawa nyingine za kuutuliza utumbo kwa muda mrefu, kama azathioprini na methotreksati, na kwa vidonda vya utumbo mpana salfasalazini na mesalazini. Ipo pia infliksimabu, ambayo huchomwa kwa dripu na kuzuia mojawapo ya zile kemikali nilizozitaja. Hiyo ni ghali, na kabla ya kuianza lazima mtoto apimwe kifua kikuu, hata kile kilicholala bila dalili.

Ulaya, kwa mtoto mwenye Crohn, madaktari hupendelea kuanza bila prednisoloni kabisa. Mtoto hupewa maziwa maalumu ya hospitali yenye virutubisho vyote, hayo tu bila chakula kingine, kwa wiki 6 hadi 8. Kwa watoto wengi utumbo hutulia, na misuli haibomolewi na dawa. Haifai kwa ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Na wala si maziwa ya ng'ombe wa nyumbani, wala uji, kwa hiyo mtu asijaribu kumfungia mtoto maziwa matupu kwa miezi miwili. Atamdhuru. Huku kwetu maziwa hayo ni adimu na bei yake si ya mkulima, lakini ukiwa hospitali ya rufaa unaweza kuuliza.

NAMNA YA KUANGALIA MISULI

Utahitaji utepe wa fundi cherehani na daftari. Mtoto akunje kiwiko, utafute katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, uweke alama kwa kalamu. Kisha aulegeze mkono uning'inie, nawe uzungushe utepe pale penye alama bila kukaza. Tumia mkono wa kushoto daima. Andika tarehe na kipimo, mara moja kwa mwezi. Ule utepe wa kliniki wenye rangi nyekundu, njano na kijani, ambao nyekundu ni chini ya sentimita 11.5 na kijani huanzia 12.5, umetengenezwa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuangukia kwenye kijani na huku amekwisha. Huyo mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Kumbuka tu kwamba utepe hupima nyama pamoja na mafuta, basi usiutegemee peke yake.

Tazama zaidi anachoweza kufanya. Je, anachuchumaa chooni na kuinuka bila kushika ukuta? Ndoo aliyokuwa anabeba kabla ya kuugua, anaibeba? Anafika shuleni bila kupumzika njiani? Anaweza kuinua mikono na kusuka au kuchana nywele bila kuchoka? Mweke kwenye kigoda, mikono imekunjwa kifuani, umhesabie anainuka na kukaa mara ngapi katika nusu dakika. Leo mara 6, mwezi ujao mara 9: hiyo ni habari njema kuliko kilo mbili. Ikishuka, ni habari mbaya hata kama mizani imepanda.

Ulegevu unaweza pia kuletwa na upungufu wa damu, ambao ni wa kawaida sana katika magonjwa haya. Tazama viganja na ndani ya kope, na damu ipimwe kila mtoto anapokwenda kliniki.

CHAKULA

Mtoto mwenye afya wa kilo 30 anahitaji protini kama gramu 28 kwa siku. Ugonjwa ukiwaka mahitaji hupanda. Hesabu yake si ngumu. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maziwa cha robo lita, gramu 8. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa, 7. Mkono mmoja wa karanga, 7 nyingine. Dagaa wakavu ndio hazina yetu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, hivyo gramu 20 tu za dagaa zinakupa zaidi ya gramu 10. Yai na maziwa asubuhi, maharage mchana, karanga zilizosagwa katika uji wa saa kumi, dagaa jioni, na umefika gramu 38 au zaidi bila kununua nyama. Naona wazazi wakikopa ili kununua makopo ya unga wa kujenga misuli yanayouzwa mijini kwa vijana wa mazoezi. Kwa maoni yangu fedha hiyo inunue mayai.

Usimpe yote kwa mkupuo mmoja. Milo midogo mitano au sita humfaa kuliko sahani mbili zilizofurika, maana tumbo lake halistahimili, na misuli hupata malighafi mchana kutwa. Protini iende pamoja na chakula cha nguvu cha kutosha, ugali, wali, viazi, ndizi, na kijiko cha mafuta katika uji. Mtoto mwenye njaa huiteketeza protini kama kuni.

Kama maziwa mabichi yaliyochemshwa yanamjaza gesi, mpe mtindi. Dagaa saga ziwe unga ikiwa anachukia macho yao. Wakati tumbo linauma sana, au ikiwa daktari amesema utumbo umekuwa mwembamba mahali fulani, epuka mahindi ya kuchoma, makande yenye makapi, nyama ya mishipa na nyuzi za machungwa na miwa, kwa kuwa vinaweza kuziba. Utumbo ukitulia, usimfungulie orodha ndefu ya miiko. Nimeona watoto wanaoishi kwa wali mweupe na chai kwa sababu kila ndugu aliyepita pale nyumbani alikataza kitu kimoja.

Jua ni jema kwa mifupa. Vitamini D, kalsiamu na madini ya chuma apewe kwa kipimo cha hospitali.

KUCHEZA

Misuli haijengwi na chakula peke yake. Protini isiyotumika na misuli haikai kwenye misuli. Mtoto akiwa na homa, au anahara damu mara nyingi kwa siku, apumzike. Homa ikiisha, aanze. Wiki ya kwanza atembee hadi kwa jirani na kurudi. Kisha kuinuka kwenye kigoda mara 5, asubuhi na jioni. Kisha ndoo ndogo, lita tatu, halafu tano. Baadaye kuruka kamba, kupanda kilima, mpira. Kuruka na kubeba ndiko kunakoamsha mapaja na mifupa kuliko kutembea peke yake. Aongeze kidogo kila wiki, si kila siku. Kuchoka ni sawa. Kuumia kwa mgongo ghafla si sawa kwa mtoto aliyetumia prednisoloni muda mrefu, maana huenda mfupa umebonyea, na hapo arudishwe hospitali.

Wazazi wengi, kwa huruma, humkalisha mtoto huyu ndani mwaka mzima. Wenzake wanacheza, yeye anachagua mchele pamoja na bibi. Kwa kweli humsaidii. Kwa upande mwingine, asisukumwe kwa fimbo ashindane na wenye afya.

Kwa hiyo nendeni shuleni. Mweleze mwalimu wa darasa, ikiwezekana kwa barua ya hospitali, mambo matatu: kwamba mtoto aruhusiwe kwenda chooni wakati wowote bila kuomba mbele ya darasa, kwamba michezo afanye kwa kadiri yake na apumzike akitaka, na kwamba vidonge vyake vya mchana asisahaulishwe. Walimu niliozungumza nao wengi wamepokea vizuri, mradi waambiwe mapema.

Siku ya kliniki, njoo na lile daftari la utepe na kigoda, pamoja na vidonge vyote anavyotumia, hata vya mitishamba. Usingoje siku hiyo ikiwa mtoto anatapika kijani na tumbo limejaa, au damu inatoka nyingi, au ametapika prednisoloni kwa siku nzima. Hayo ni ya kuja usiku huo huo.